Sahani Iliyobanana

Othmani Shariff alifanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya hospitali moja iliyo nje kidogo ya mji wa Nyeri, na siku alipozikwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, hospitali ilituma shada la maua. Waislamu wa mtaa wa Majengo walilizunguka shada lile wasijue walifanyie nini. Wao hawaweki maua makaburini, na katika miaka ishirini na sita hakuna mkubwa wa hospitali aliyeuliza Othmani ni mtu wa dini gani, ingawa kofia yake nyeupe ilikuwa kichwani kila siku ya kazi. Mwishowe dada yake, Mwanasiti, aliwapa mbuzi wa jirani walile. Mbuzi walikula maua, wakaacha utepe.

Madaktari walimwita "Maabara". Damu ya kitanda cha nne iko wapi, Maabara? Hujamaliza mpaka sasa, Maabara? Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya viazi, na viazi havikuwahi kuondoka kabisa. Mvua ikinyesha harufu yake ilirudi. Humo mlikuwa na darubini moja, sanduku la mbao lililotiwa balbu ndani ili vijidudu vipate joto la kuota, na nje ya dirisha kondoo jike, aliyetolewa damu kila mwezi kwa ajili ya kulisha vijidudu hivyo. Kondoo aliitwa Malkia. Jina lake madaktari wote walilijua.

Kazi ya Othmani ilikuwa hii. Mgonjwa mwenye kidonda akiletwa, alichukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupaka juu ya sahani ya kioo iliyogandishwa chakula cha vijidudu. Juu yake aliweka vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake sahani nzima ilikuwa imeota ukungu wa vijidudu, isipokuwa pembeni mwa kikaratasi chenye dawa inayoviua. Hapo palibaki duara safi. Duara pana maana yake dawa inafaa. Duara likikosekana, tafuta dawa nyingine. Alipima kwa rula ya shule, akiwa ameanza kwa bismillahi, na Sista Murugi wa wodi ya wanawake, mama wa kanisa aliyekuja kuchukua majibu, alikuwa akiitikia "Amina" kabla hajakumbuka kwamba hakuulizwa.

Hata vikaratasi hivyo Othmani alivitengeneza mwenyewe, kwa kutoboa karatasi ya kunyonyea wino kwa mashine ya kutobolea mafaili ya karani. Sahani nazo zilikuwa kumi tu, zingine zilivunjika. Kwa sababu hiyo alibananisha. Mahali ambapo kitabu kilisema viwekwe vikaratasi sita, yeye aliweka tisa. Vilikaa bega kwa bega kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya harusi.

Mwaka 1981 alikuja mkaguzi kutoka Nairobi, mtu wa tai na viatu vya ngozi ya mamba, akashika sahani ile akaiinua kwenye mwanga.

"Mzee, hii ni sahani ama ni soko ya Chaka?"

"Sahani hazitoshi, bwana."

"Kitabu inasema nafasi! Nafasi!"

Mkaguzi akaandika ripoti. Ombi la sahani zaidi halikuwemo katika ripoti hiyo. Kilicholetwa ni tangazo la kubandikwa ukutani, limepigwa chapa kwa herufi kubwa, kwamba kikaratasi na kikaratasi viachane kwa kipimo fulani cha milimita na atakayevunja amri ataadhibiwa. Othmani alilibandika juu ya sanduku la balbu. Akaendelea kubananisha, maana sahani zilikuwa bado ni kumi.

Na ni kwa kubananisha huko ndipo alipoona jambo. Katika usaha wa baadhi ya wagonjwa, duara la dawa iitwayo linkomisini halikuwa duara. Upande mmoja ulikuwa umenyooka, kama chapati iliyokatwa kisu. Alidhani mkono wake ulitetemeka. Akarudia. Upande ulionyooka ulikuwa daima ule uliotazamana na kikaratasi cha dawa nyingine, erithromisini. Akahamisha erithromisini kulia, mkato ukahamia kulia. Akaihamisha kushoto, mkato ukaifuata. Akaitenga mbali, kama tangazo lilivyotaka, na duara la linkomisini likatoka zima, zuri, la kupendeza wakaguzi.

Ikawa kana kwamba vijidudu vilinusa dawa ya kwanza, vikapata habari, vikajikinga dhidi ya ya pili.

Aliandika barua kwa Muriithi, rafiki yake waliyeanza naye kazi, ambaye sasa alifundisha mafundi wa maabara Nairobi. Miezi minne ikapita. Kisha ikaja bahasha yenye kurasa zilizotolewa nakala, za wataalamu wa ng'ambo, na kijikaratasi cha Muriithi: "Si wewe peke yako unayeona mikato. Wanasema siri iko kwenye RNA. Soma polepole." Othmani alikuwa ameishia darasa la nane. Alizisoma mwezi mzima wa Ramadhani, saa za mchana wenzake walipokwenda kula, kamusi upande mmoja na Malkia akimchungulia dirishani, na alipofika mwisho alirudi mwanzo.

Hivi ndivyo alivyoelewa. Ndani ya kijidudu, kama ndani ya kiumbe chochote, mna maandishi marefu ya urithi, na kila kipande chenye kazi yake huitwa jeni. Jeni ikihitajika, nakala yake hutolewa katika uzi mwembamba unaoitwa RNA. Juu ya uzi huo hupita vyombo vidogo viitwavyo ribosomu, vikiusoma na kutengeneza kilichoagizwa. Hayo alikuwa ameyasikia. Ambalo hakuwahi kulisikia ni kwamba uzi ule haukai umenyooka. Hujikunja, sehemu ikashikana na sehemu, na mkunjo huo ndio unaoamua kama amri itasomwa au itafichwa. Siku hiyo aliinuka kwenda kuswali adhuhuri akachelewa, kwa kuwa alisimama katikati ya chumba akiwaza kwamba Mwenyezi Mungu alikitengenezea kufuli kitu kidogo ambacho hata milioni zake hazijazi kijiko.

Mwezi wa saba mwaka 1983, wa baridi ile inayofanya ukungu ukae Nyeri mpaka saa sita, Mwanasiti aliletwa hospitalini kwa mkokoteni. Mkokoteni mwingine ndio uliomgonga muundi wiki tatu kabla, akiwa amebeba beseni lake la maandazi. Alifunga kidonda kwa kitambaa akaendelea kuuza, mpaka usaha ukaingia mfupani. Penisilini haikuwa dawa yake; alipodungwa zamani, uso ulifura akafanana na boga na pumzi ikakatika. Sindano za jamii hiyo zote zilikuwa hatari kwake.

Mganga mkuu alikuwa Dokta Moffat Theuri, aliyerudi kutoka ng'ambo mwaka uliotangulia na kuvaa kipimo cha kusikilizia moyo hata akienda kanisani. Marafiki zake wa huko walimtumia makatoni kumi na mawili ya sindano za linkomisini, na picha yake akiwa amesimama nayo ilitundikwa mlangoni pa wodi. Kwa hiyo kila kidonda kilichopita chini ya picha ile kilionekana kwake kinahitaji linkomisini.

Othmani alipaka usaha wa dada yake. Kesho yake, sahani iliyobanana ikaonyesha mkato, umenyooka kama ukingo wa rula. Katika fomu ya majibu palipaswa kuandikwa neno moja tu mbele ya kila dawa: inafaa, au haifai. Mbele ya linkomisini aliandika "haifai". Akatia sahihi.

Jumatatu, katika kikao cha asubuhi kinachoanza kwa maombi, Theuri alimwita mbele ya wote.

"Maabara, umeandika haifai. Duara iko milimita ngapi?"

"Ishirini na mbili, Daktari. Lakini upande mmoja..."

"Ishirini na mbili inafaa ama haifai?"

"Kwa kitabu, inafaa."

"Basi unabishana na kitabu?"

Othmani alikuwa amejiandaa. Alitoa mfukoni bandeji na pini mbili, akaikunjua bandeji juu ya meza ya mkutano, kati ya Biblia na vikombe vya chai.

"Daktari, tuseme hii ndiyo RNA ya kijidudu. Hapa mwanzoni pana habari fupi. Hapa mbele pana amri ya kutengeneza ngao." Akaikunja, akapiga pini. "Sasa mwanzo wa amri umefichwa ndani ya mkunjo. Msomaji akija hapaoni pa kuanzia. Ngao haitengenezwi."

"Nani huyo anasoma?" akauliza Sista Murugi.

"Ribosomu, Sista."

"Ati ribosomu inasoma bandeji." Watu wakacheka. Sista alikuwa na kipaji cha kuchekesha kikao.

"Erithromisini kidogo ikiingia, msomaji anakwama papa hapa, kwenye habari fupi." Othmani akaweka kidole. "Akikwama, upande huu hauwezi tena kushikana na huu. Bandeji inajikunja kwa namna nyingine. Pini inaachia, amri inaonekana, wasomaji wengine wanaisoma na ngao inatengenezwa. Na ngao hiyo inazuia dawa zote mbili."

Theuri hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililofanya awe na hatari. "Na linkomisini ikikuja peke yake?"

"Haimkwamishi pale. Mkunjo unabaki umefungwa. Kijidudu kinakufa."

"Kinakufa!" Theuri akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mmesikia? Kinakufa. Sasa huyu mzee ako na shida gani?"

"Shida ni kwamba viko mamilioni, Daktari. Vichache kati yao mkunjo wao una kasoro, pini haishiki. Hivyo vinatengeneza ngao saa zote, dawa iwepo isiwepo. Ukiviua vingine vyote, utakuwa umevisafishia shamba."

Pengine kama mtu mmoja angeuliza swali hapo, mambo yangekuwa tofauti. Lakini Theuri akachukua ile bandeji kwa vidole viwili, akamrudishia.

"Ukitaka kushona, wodi iko na shuka zimeraruka. Rudia ile kipimo, uache nafasi kama vile tangazo inasema. Na mgonjwa ni dada yako, nafikiri unaogopa tu. Tutakuombea."

Wakamwombea palepale. Othmani aliinamisha kichwa pamoja nao, maana maombi ni maombi. Kisha akaenda akarudia kipimo kwa nafasi kamili, na duara likatoka la mviringo bila dosari, milimita ishirini na mbili kila upande. Theuri aliliangalia akamwambia, "Unaona sasa?"

"Kijidudu hakijui tumebandika nini ukutani, Daktari."

Kwa maneno hayo alipewa barua ya onyo, ya kwanza kati ya tatu.

Sindano zilianza. Siku ya tano homa ikashuka. Siku ya nane kidonda kilikauka midomo, na Theuri akaleta wageni wawili wa kizungu wamwone Mwanasiti, akamwambia aunyanyue mguu. Sista Murugi alimwiga Othmani na bandeji mpaka wagonjwa wakashika mbavu. Hata Mwanasiti mwenyewe alicheka. Kaka yake alipokuja mchana na chupa ya uji, alimpokea kwa utani.

"Kaka, ribosomu yangu inakusalimu. Imesoma bandeji ikasinzia."

"Cheka, dada. Cheka Mungu akupe afya."

"Hukasiriki?"

"Namwomba Mungu kila swala nionekane mpumbavu."

Na kweli aliomba hivyo. Ni dua ngumu kwa mtu aliyesoma mwezi mzima na kamusi, lakini mguu ulikuwa wa dada yake.

Siku ya kumi na mbili homa ilirudi, na siku ya kumi na tatu usaha ukatoka kijani na wa kunuka. Othmani aliupaka kwenye sahani, safari hii kwa kutii tangazo, kila kikaratasi kimetengwa na mwenzake. Linkomisini ilikaa peke yake, hakuna erithromisini jirani. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi. Hapakuwa na duara, wala mkato, wala chochote. Wale wachache wenye mkunjo wenye kasoro ndio waliobaki, na sasa walikuwa ukoo mzima.

Aliipeleka sahani kwa Theuri kwa mikono miwili. Kwenye sahani hiyohiyo, duara moja pana lilikuwa limebaki, la septrini, vidonge vya bei nafuu vinavyopewa watoto wenye kikohozi.

"Umechafua sahani," Theuri akasema.

"Rudia wewe mwenyewe, Daktari."

Theuri hakurudia. Alikwenda wodini na fomu ya upasuaji, akaiweka juu ya blanketi la Mwanasiti na kidau cha wino wa kupigia dole gumba. Alisema mfupa umekataa dawa nzuri kuliko zote na sasa mguu ukatwe Alhamisi, juu ya goti, kabla sumu haijapanda.

Mwanasiti aliitazama fomu. Othmani alisimama upande wa miguu ya kitanda na sahani yake.

"Mfupa umekataa, Daktari?"

"Mwili mingine iko hivyo, mama."

"Kwa hiyo mguu wangu ndio mkaidi. Dawa haina kosa, wewe huna kosa." Akamgeukia kaka yake. "Na wewe, sahani yako inasemaje? Na usinitolee bandeji."

"Inasema septrini. Na mfupa uliokufa ukwanguliwe kwanza."

"Una hakika?"

Othmani aliiinua sahani kwenye mwanga. "Nina hakika na sahani. Yaliyobaki ni ya Mungu."

"Basi mimi nataka siku kumi," Mwanasiti akasema, akasukuma kidau cha wino. "Nikwangue hiyo Alhamisi, Daktari, kisu si unacho tayari? Nipe vidonge vya watoto. Siku ya kumi na moja kama bado ninanuka, nitakupa dole gumba na la mguuni pia, maana utakuwa unalichukua."

Wodi nzima ilisikia. Theuri alikubali kwa namna ya mtu anayemwachia mtoto wembe ili ajikate ajifunze. Alikwangua mfupa Alhamisi, na mikono yake, ni haki kusema, ilikuwa ya fundi. Vidonge alivitoa Sista Murugi, asubuhi na jioni, bila kukosea hata saa moja na bila mzaha. Aliacha kumwiga Othmani, ingawa hakumwomba radhi. Siku ya nne hapakuwa na mabadiliko. Othmani hakuweza kula. Siku ya sita homa ilishuka nusu. Siku ya tisa kidonda kilitoa maji safi, na siku ya kumi na moja Mwanasiti alimwita Theuri kutoka upande wa pili wa wodi.

"Daktari, njoo unuse!"

Alitoka hospitalini baada ya miezi miwili kwa miguu yake miwili, kifundo kimoja kigumu kidogo. Ilipaswa kuwa mwisho, lakini Othmani aliomba kuliona faili kabla halijafungwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa Theuri: mgonjwa amepona, ameitikia linkomisini kwa kuchelewa.

Alilibeba faili mpaka ofisini.

"Daktari, rekebisha hii."

"Ya nini? Si amepona?"

"Yeye amepona. Faili hili ndilo litakalomtibu anayefuata."

"Maabara, makatoni saba bado iko stoo. Wale watu wa ng'ambo wanataka ripoti. Niandikie nini, bandeji?"

Faili likafungwa. Othmani akarudi kwenye chumba chake cha viazi, akakaa mpaka saa ya kutoka bila kuosha sahani hata moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jioni alimweleza Mwanasiti, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, kwamba wapo wawili tayari wodini wenye mkato uleule, na kesho wataanza sindano, na yeye hana la kufanya.

"Wewe huna," Mwanasiti akasema, akiendelea kusukuma donge.

Siku ya kliniki alikuwa na beseni lake kwenye benchi la nje, pale wagonjwa wanapongoja kuanzia saa kumi na mbili. Aliuza maandazi. Kila mwenye kidonda alionyeshwa kovu, kuanzia muundi hadi karibu na goti, na kuambiwa neno moja tu: kabla hujakubali sindano, sema unataka vile vikaratasi viwili viwekwe jirani. Hakueleza RNA. Hakueleza mkunjo wala pini. Wakulima waliotoka Othaya na maboga ya kuuza mjini hawakuhitaji kuelezwa. Waliona kovu, na waliona mguu wenye kovu hilo umesimama.

Ilichukua wiki tatu. Theuri alianza kukutana na watu waliokunjua mikono ya mashati yao waliyokwisha kuikunja kwa sindano.

"Hii ni nini sasa?" alimwuliza mzee mmoja mkulima wa kahawa, mwenye jipu mgongoni.

"Ni sahani nangoja, Daktari. Ile ya kubanana."

"Nani amekuambia mambo ya sahani?"

"Watu wote wanajua. Hata huko kwetu. Kwani wewe hujaambiwa?"

Theuri aliwafukuza wawili. Walikaa nje kwenye nyasi, karibu na kondoo, wakangoja. Alipowaona wamekuwa saba, na mmoja wao ni mzee wa kanisa lake, alimtuma Sista Murugi maabara na ujumbe wa mdomo, maana kuuandika hakungewezekana: kwamba Maabara aweke vile vikaratasi vyake anavyotaka, ili hawa watu waondoke kwenye nyasi.

Othmani alisema bismillahi. Mlangoni Sista Murugi akaitikia amina, kwa sauti, akasimama kumtazama akiviweka vikaratasi bega kwa bega.